Kuzoea: mwongozo kamili wa maana ya neno na matumizi yake

Bibi yangu wa Muheza akinunua kuku gulioni, hakumwachia siku hiyohiyo. Alichana ukanda wa kanga kuukuu, akamfunga kuku mguu mmoja, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya jiko la nje. Hapo kuku alipewa pumba na maji siku tatu. Alisikia sauti za nyumba, akawaona kuku wenyeji wakitoka asubuhi na kuingia jioni. Sisi watoto tukimwonea huruma, bibi alitwambia: “Mwacheni, wajukuu zangu, azoee kwanza.” Siku ya nne alimfungua. Kuku alitoka akachakura mpaka kwenye migomba ya jirani, na magharibi ilipoingia alirudi mwenyewe bila kuswagwa.

Neno lote limo katika siku hizo tatu. Kuna mahali pageni, kuna muda unaopita, kuna jambo linalojirudia, halafu kamba haihitajiki tena. Nimefanya kazi ya kuhariri miswada na tafsiri kwa miaka mingi, na kila wiki nakutana na *kuzoea* iliyowekwa pasipo mahali pake, au iliyoachwa pale ilipostahili ikaletwa fungu la maneno matano yasiyosema kitu. Mwongozo huu ni kwa mwandishi, mtafsiri, mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kulishika neno hili vizuri. Fuata hatua kwa mpangilio, maana kosa la hatua ya kwanza halirekebishwi na sarufi nzuri ya hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokisema ni kuzoea kweli

Kabla ya kuandika, jiulize: je, uzito bado unasikika?

Lipo neno *kustahimili*, na ndugu yake *kuhimili*. Yote mawili yametoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kubeba, shina lilelile lililotupa *hamali*, yule mbeba mizigo wa bandarini na sokoni. Anayestahimili amebeba. Mzigo uko begani, anausikia, ila hautupi chini. Aliyezoea hausikii tena, au anausikia kwa mbali. Mtu wa Tanga aliyehamishiwa Njombe, mwezi Juni wa kwanza anaistahimili baridi: anavaa makoti mawili na anakaa karibu na jiko la mkaa. Mwaka wa tatu ameizoea: anatoka alfajiri na shati la mikono mirefu, na mgeni akimwuliza kuhusu baridi inabidi afikiri kidogo kabla ya kujibu.

Ukilishika hilo, sentensi nyingi zitajirekebisha zenyewe. “Mgonjwa amezoea maumivu” na “mgonjwa anastahimili maumivu” ni habari mbili tofauti, na daktari anayesikia ya kwanza ana haki ya kuhofu zaidi.

Tofautisha pia kuzoea na kufuata. Methali yetu husema, “Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.” Hiyo ni amri ya siku ya kwanza: fanya wafanyavyo wenyeji. Mtu anaweza kufuata desturi ya mahali miaka kumi bila kuizoea. Anavua viatu mlangoni kama wengine, anakula kwa mkono kama wengine, lakini moyo haujatulia. Kufuata huamuliwa, kuzoea huja kwenyewe. Ndiyo maana huwezi kumwambia mtu “zoea leo” ukategemea litokee leo. Kuku wa bibi alihitaji siku tatu, na hata mgeni wa methali, yule wa siku mbili, ya tatu ndipo anapopewa jembe.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hasa waliojifunza Kiswahili ukubwani na watafsiri wenye haraka.

*Kuzoea* ni kitenzi cha kuingia katika hali, kama *kulala*, *kuchoka*, *kushiba*, *kulewa*. Kwa vitenzi hivi -me- inasema hali ya sasa hivi. “Amelala” maana yake yuko usingizini. “Nimezoea” maana yake hali hiyo ninayo leo. Kwa hiyo ukitaka kusema unaamka saa kumi na moja kila siku na haikusumbui, sema “nimezoea kuamka saa kumi na moja”. Ukisema “ninazoea kuamka”, umesema uko njiani, hujafika.

Na kuna mahali ambapo “ninazoea” ndiyo sahihi kabisa. Wapandaji wengi wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huongeza usiku mmoja kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kwenda kambi ya Kibo, ili mwili upate nafasi ya kukubaliana na hewa nyepesi. Usiku ule mwili *unazoea*. Pumzi inatulia polepole, kichwa kinaacha kugonga, hamu ya kula inarudi kidogo. Lakini hakuna mgeni wa siku tano anayeweza kusimama kileleni, mita 5,895, akasema kwa haki “nimezoea”. Anastahimili kwa saa moja, anapiga picha, anashuka.

Kwa kukanusha una njia tatu, na kila moja ina ladha yake. “Sijazoea” ina matumaini ndani yake: bado, lakini siku itafika. “Sikuzoea” hutazama nyuma: nilikaa pale lakini sikuzoea. Wasemaji wa pwani huitumia pia kwa maana ya “si kawaida yangu”, kwa mfano mzee akikaribishwa kiti cha mbele anaweza kusema “sikuzoea mambo haya, mwanangu”. “Sizoei” ni kali: hata miaka ipite, mimi na jambo hili hatupatani.

Kisha kuna “nilizoea”, na hapa naomba watafsiri wa Kiingereza wanisikilize kwa makini. Kiingereza kina umbo la kusimulia jambo la zamani lililokwisha, *used to*, na umbo hilo linafanana sura na lile la kuzoea, *be used to*. Matokeo yake nimesoma mara nyingi kitu kama “nilizoea kuishi Tanga” pale mwandishi alipotaka kusema tu kwamba zamani alikuwa akiishi Tanga, na sasa yuko kwingine. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba maisha ya Tanga yalikuwa yamemkaa mwilini. Kama unasimulia ukaaji, andika “zamani nilikuwa nikiishi Tanga”. Kama unasimulia mazoea, andika “nilizoea kuoga Mto Zigi, maji ya bomba yakanishinda”.

Hatua ya 3: Weka shamirisho bila kihusishi

Hii ni fupi. Tunazoea kitu moja kwa moja: “nimezoea hali hii”, si “nimezoea kwa hali hii”, wala “nimezoea na hali hii”. *Na* huja pale tu kitenzi kinapokuwa cha kutendana: “nimezoeana na majirani”.

Kitu kikiwa mahususi, kipe kiwakilishi chake ndani ya kitenzi. “Nimezoea baridi” ni baridi yoyote. “Nimeizoea baridi ya Njombe” ni ile unayoijua kwa jina. Vivyo hivyo “mazingira niliyoyazoea”, “kazi aliyoizoea”. Na tukiwa hapo, litazame neno *mazingira* lenyewe: limetokana na *kuzingira*, yaani kuzunguka pande zote, kama askari wanavyouzingira mji. Kuyazoea mazingira ni kufika mahali ambapo hujihisi tena umezingirwa. Sijui lugha nyingine iliyoyapanga maneno haya mawili vizuri hivi.

Hatua ya 4: Kuwa mwangalifu anayezoewa akiwa mtu

Hapa neno linapata meno. “Mtoto amenizoea” ni furaha ya kila shangazi aliyekuja likizo: siku ya kwanza mtoto alilia akimwona, siku ya tano analala mapajani pake. “Nimekuzoea”, ikisemwa kwa sauti ya chini siku ya kuagana, ina uzito unaokaribia ule wa kupenda. Inasema: siku zangu zimejijenga pamoja na wewe, ukiondoka zitabaki na pengo.

Sasa chukua maneno hayohayo, yapandishe sauti: “Umenizoea, eh?” Maana imegeuka. Anayesema anamwonya mwenzake kwamba amevuka mpaka, heshima imeanza kumwagika. “Usinizoee” ni onyo kamili lisilohitaji nyongeza, na halisemwi kwa mkubwa. Mdogo akitaka kumwambia mkubwa jambo hilo hutafuta njia nyingine, au hunyamaza. Kwa hiyo ukiandika mazungumzo ya hadithi, “usinizoee” kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe ni tukio kubwa. Usiliweke kama mapambo.

Zingatia tahajia. Ni *usinizoee*, *azoee*, *tuzoee*, kwa e mbili. Kitenzi kinaishia -ea, a ya mwisho inageuka e, na e ya shina inabaki. Ukiandika “mwache azoe”, umetumia kitenzi kingine kabisa, *kuzoa*, kile cha wazoa taka. Umesema mgeni aachwe akusanye uchafu. Nimeliona kosa hili kwenye barua ya makaribisho kwa wafanyakazi wapya.

Na kuna “utazoea”. Hilo ndilo neno la kwanza la faraja wanaloambiwa wengi: bi harusi aliyehamia kwa wakwe, kijana wa bweni anayelia usiku wa kwanza, msichana wa kazi za ndani aliyetoka kijijini. Likisemwa na mtu aliyepitia njia hiyohiyo, linatuliza kweli. Lakini nimesikia likitumiwa kuziba mdomo pia. Msichana anasema hajalipwa miezi miwili, anajibiwa “utazoea”. Hapo hakuna ugeni wa mahali, kuna haki iliyoliwa, na neno linaharibiwa. Kadhalika “tumeshazoea”, tunayoisema umeme ukikatika: ile -sha- iliyopachikwa katikati ya neno inabeba uchovu mzima wa mtaa. Mwandishi mzuri huiacha kinywani mwa mhusika. Ripota anayeiandika kama hitimisho lake mwenyewe amekata tamaa kwa niaba ya watu ambao pengine bado wanalalamika.

Hatua ya 5: Ijue familia yake, usichanganye watoto

Kutoka *zoea* tunapata *zoeza*, kumfanya mwingine azoee. Wengi husema *zoesha*, na sina ugomvi nao, maana wakulima wa bustani husema “kuzoesha miche jua” na wanajua wanachokifanya. Wiki moja hivi kabla ya kuhamisha nyanya kutoka kitaluni, wanapunguza maji, wanaondoa kivuli saa chache, kesho yake saa zaidi, mpaka mche unakaa juani kutwa bila kulegea. Ni kamba ya bibi ileile, kwa mmea.

*Zoeana* ni kuzoea kwa pande mbili. *Zoeleka* ni kitu kuwa cha kawaida kwa watu: “njia iliyozoeleka”, “kinyume na ilivyozoeleka”. Mtu wa Mombasa au Unguja unaweza kumwona akiandika *zowea* na *mazowea*, na sikio la pwani kweli linaisikia ile w. Maandishi sanifu, ambayo misingi yake iliwekwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, huandika *zoea*. Kwenye ushairi iache w ikae. Kwenye ripoti iondoe.

Majina ndiyo yanayoleta taabu. Yako matatu makubwa.

*Mazoea* ni hali ya kuwa umezoea, na mara nyingi inaegemea upande wa lawama. Tanzania viongozi wakihutubia watumishi hawachoki kuonya dhidi ya “kufanya kazi kwa mazoea”, yaani kurudia ya jana bila kufikiri. “Mazoea yana taabu” ni methali ya zamani inayosema hivyohivyo kwa maneno machache: ulichokizoea hakikuachii kirahisi. “Mazoea na bosi” ni ukaribu uliopita kiasi. Neno hili liko kwenye wingi daima, kwa hiyo ni “mazoea mabaya yanamponza”, wala si “mazoea mbaya inamponza”.

*Uzoefu* ni sifa. Limeundwa kwa kiambishi kilekile kilichotupa *utulivu* kutoka *tulia* na *upungufu* kutoka *pungua*. Mwenye uzoefu amezoea kazi mpaka mikono yake inajua. Tangazo la kazi linataka “uzoefu wa miaka mitatu”, halitaki mazoea ya miaka mitatu, ingawa ukitafakari, mtu yuleyule anaweza kuwa na vyote viwili. Usiseme “nina uzoefu wa kuamka mapema”. Kuamka umekuzoea tu.

*Mazoezi*, umoja wake *zoezi*, limetoka kwenye *zoeza*. Ni kile unachokirudia ili mwili au akili izoee: mazoezi ya viungo, zoezi la hesabu. Siku hizi limepanuka hadi kumaanisha shughuli yoyote ya serikali yenye mwanzo na mwisho. Tulisikia “zoezi la sensa” kila saa kuelekea tarehe 23 Agosti 2022. Naelewa lilivyofika hapo, na limeshaenea Kenya na Tanzania, halizuiliki. Lakini mimi nikihariri huandika “sensa” peke yake, au “kazi ya kuhesabu watu”. Zoezi ni jambo la kurudiwa mpaka lizoeleke, na sensa yetu huja mara moja kwa miaka kumi.

Hatua ya 6: Mpe kila jirani nyumba yake

Yapo maneno yanayokaa karibu na *kuzoea* ambayo hayapaswi kulala kitanda chake.

*Kulowea* ni kukaa ugenini muda mrefu mpaka ukawa kama mwenyeji. “Babu yake alikuja na jahazi, akalowea Kilwa, akaoa hapohapo.” Ni neno zuri linalosahaulika, na vijana wengine hulidhania *kulowa* kwa maji. Lakini jina lake, *mlowezi*, limechukua njia yake lenyewe. Nchini Kenya *walowezi* ni wale waliotwaa mashamba ya nyanda za juu wakati wa ukoloni, na kwenye taarifa za habari linatumika kwa makazi ya Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi. Kwa hiyo kitenzi kinasema mtu amekuwa sehemu ya mahali, jina linasema mtu amekuja akachukua mahali. Usimwite jirani yako mlowezi kwa kuwa tu amelowea.

*Usugu* ni wa vimelea na wadudu. Watu husema “malaria imezoea dawa”, na kwa mazungumzo inaeleweka. Kilichotokea kwa klorokwini, ambayo Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, hakikuwa kimelea mmoja kuzoea. Waliokuwa dhaifu kwa dawa walikufa, waliokuwa na uwezo wa kuikwepa wakazaana. Kwenye makala ya afya andika “vimelea vimejenga usugu”. *Uraibu* nao si mazoea: mwenye mazoea ya chai akiikosa ananung’unika, mwenye uraibu wa pombe akiikosa mwili unatetemeka.

*Kuhimili* ndilo neno la mabadiliko ya tabianchi. Jumuiya na serikali *huhimili* mabadiliko hayo, kwa kujenga kuta za bahari, kubadili misimu ya kupanda, kuchimba mabwawa. Mbegu *hustahimili* ukame. Tukiandika kwamba wakulima “wazoee” ukame, tunawaambia wakae kimya mpaka wasiusikie, na hakuna mtaalamu wala mkulima aliyekusudia hivyo.

*Kwenda na wakati* ni kukubali mapya kwa hiari, kama mzee anayetuma pesa kwa simu. *Kujirekebisha* ni kwa aliyekosea. Haya mawili hayana shida, yanajieleza.

Hatua ya 7: Rudi kwenye sentensi yako

Soma kwa sauti. Simama pale ulimi unapokwama. Nimetunga sentensi moja iliyokusanya makosa ninayokutana nayo mara kwa mara, tuifanyie kazi pamoja:

“Wakulima wanapaswa kuzoea kwa mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia mbegu zilizozoea ukame, na wale wenye mazoea mengi ya kilimo wawaache vijana wazoe mbinu mpya.”

Anza na *kuzoea kwa*. Kihusishi kinaondoka, lakini hata kikiondoka neno lenyewe halifai, maana wakulima hawatakiwi kutulia chini ya mzigo. Ni *kuhimili*. Mbegu hazina mazoea, *zinastahimili*. *Mazoea mengi ya kilimo* yamegeuza sifa kuwa lawama, na tulichokusudia ni *uzoefu*. *Wazoe* amewapa vijana fagio. Na tukifikiri vizuri, wazee hawaambiwi wawaache vijana, wanaambiwa wawashike mkono, kwa hiyo kitenzi ni *kuzoeza*:

“Wakulima wajifunze kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwa kupanda mbegu zinazostahimili ukame, na wenye uzoefu wa miaka mingi wawazoeze vijana mbinu mpya.”